Kaburi la Baharia wa Naitiri

Juzi nilipeleka mashine ya kupukuchua mahindi kwa fundi mmoja hapa Kitale, na alipofungua mkebe wa girisi nyeusi ikabidi nitoke nje. Fundi akadhani ni moshi umenishika. "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, kisha nikasimama kando ya barabara nikalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Madereva wa tuktuk wananitazama. Mwanamke mzima, ana mvi, analilia girisi.

Nyinyi wa rika langu mna harufu zenu za baba. Wengine ni tumbaku, wengine ni ng'ombe, na waliozaliwa na walimu ni chaki. Baba yangu alinuka girisi na dizeli, na chini yake kitu kingine cha majimaji ambacho sikukijua jina mpaka nilipokuwa mkubwa nikafika gatini Kisumu, nikanusa, nikajua kumbe ni ziwa lenyewe. Alikuwa baharia. Mtu wa Naitiri, mtoto wa mkulima wa mahindi, mahali ambapo maji makubwa tuliyoyajua ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, alikuwa baharia! Watu walimcheka mpaka wakachoka. "Wewe bana, si ulime tu kama wenzako? Ati unaenda kulimia samaki?"

Kazi yake ilikuwa kwenye feri ya mabehewa, meli pana iliyolazwa reli juu ya sitaha yake. Treni inafika ukingoni mwa ziwa, mabehewa yanasukumwa ndani, yanafungwa kwa minyororo, meli inavuka nayo hadi Uganda au Tanzania. Kule yanatolewa yakaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Baba alikuwa mmoja wa wale wa kufunga minyororo, na hiyo minyororo ilikula girisi kuliko sisi tulivyokula mafuta ya kupikia.

Akija likizo hakuwa na hadithi za sungura na fisi. Zake zilikuwa za feri tu. Alikuwa ameanzia pwani kabla ya kuhamishiwa ziwani, kwa hivyo alituhadithia vile zamani pale Mtwapa feri ilivutwa kwa mnyororo na wanaume wakiimba, kabla daraja halijajengwa, na vile Kilifi watu walishinda upande mmoja wakingoja zamu huku samaki wao wanaoza. Lakini hadithi aliyoipenda ni ya meli za kwanza za ziwa letu. Zililetwa zikiwa vipande vipande, kila kipande kina namba yake, zikapanda treni, meli inapanda treni, hebu fikiria, zikaja zikaunganishwa Kisumu msumari kwa msumari. "Msikubali kudanganywa ati nchi hii ilijengwa na reli peke yake," alisema. "Reli ilitoka pwani mbio mbio, ikafika ziwani ikakwama. Nani aliishika mkono? Feri. Pamba, kahawa, askari wa vita, wote walipita hapo. Lakini kwa vitabu yenu ya shule mtakuta tu reli na simba." Mama alikuwa akimwambia awache kuwachosha watoto, na yeye mwenyewe haondoki pale mlangoni, anasikiliza.

Siku moja nilimuuliza reli ya Kitale inaishia wapi. Akacheka. "Haiishii. Hii ya Kitale, ile ya Bungoma, ile iko ndani ya meli, yote ni moja."

Hapo ndipo nilipopotea. Sikuwa nimewahi kuona ziwa wala meli. Kama reli ni moja, nikawaza, na meli iko majini, basi reli inapita chini ya maji, na treni huingia ziwani ikatembea huko chini polepole, baba akiwa ndani anakaza minyororo, kisha inatokea upande wa pili ikiwa imelowa. Ndiyo maana ananuka maji. Sikumuuliza mtu. Mtoto akishaelewa kitu hana haja ya kuuliza.

Habari ilikuja wakati wa kupalilia. Mzee mmoja, fundi wa injini aliyefanya kazi na baba, aliteremka kwenye gari la maziwa pale senta akaulizia kwetu. Mama alitoka shambani na miguu ya matope. Yule mzee hakukubali kukaa.

"Mama Simiyu," akasema. Simiyu ni ndugu yangu mdogo. Mimi ndiye mkubwa, lakini mama aliitwa kwa jina la mvulana, ndivyo tulivyo. "Mama Simiyu, upepo ulikuwa mbaya. Behewa moja ikaanza kucheza, yeye akaenda kukaza mnyororo. Wimbi likaja. Nilimshika mkono, mama. Nilimshika hapa." Akajishika kiwiko. "Ovaroli ilikuwa na girisi, ikateleza. Tulizunguka na meli mpaka kukapambazuka. Mwili hatukupata. Lakini mimi mwenyewe nilimwona akizama, na sitaki kukudanganya. Usimngoje."

Alisema hivyo wazi, mbele yangu, na mama akasikia. Mama hakupiga kelele. Aliuliza kama mgeni amekunywa chai. Nami niliposikia baba amezama nikatulia kabisa, maana huko chini kuna reli, atafuata reli mpaka nyumbani. Mama alipopeleka mahindi Kitale nilikwenda naye, na wakati yeye anahangaika na magunia mimi nilipenya mpaka kwenye mabehewa yaliyokuwa yamesimama stesheni nikawa nagusa magurudumu, moja baada ya lingine, nikitafuta lenye maji. Yote yalikuwa na vumbi.

Kwetu mtu hawezi kuachwa hivyo hivyo bila kuzikwa. Mwili usipopatikana, wazee wanakata mgomba, wanauvika nguo za marehemu, unalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Baada ya mavuno wazee wa ukoo walikaa wakasema ni lazima, la sivyo baba atazunguka akitusumbua. Mama alijua maana yake vizuri kuliko mtu yeyote. Akishazikwa mume, mke ananyolewa nywele, na akishanyolewa anarithiwa. Wa kumrithi alikuwa Baba Mdogo Wafula.

Niwaambie huyo alikuwa mtu wa aina gani. Boma lake na letu yalitenganishwa na ua wa mipera, na mke wake tulikuwa tukimsikia. Tulikuwa tukimsikia akiomba msamaha kwa makosa ambayo hata Mungu hayajui, na asubuhi tunamkuta kisimani kitambaa kimeteremshwa mpaka machoni, mama anamsaidia kujitwika mtungi, hakuna anayesema kitu. Wafula alikuwa ameshaanza kupita kwetu jioni, akitazama mahindi yetu, akitazama ng'ombe, akimtazama mama kwa jicho lile lile. Mimi aliniambia nikome kukaa kwenye kiti cha baba kwa sababu karibuni kitakuwa na mwenyewe.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Vijana waliotumwa kukata mgomba walikuwa wavivu, au walikuwa wamelewa, au vyote viwili. Badala ya kuukata shina kama inavyotakiwa, waliona udongo ni laini wakaung'oa mzima mzima na tunguu lake la mizizi. Wachimbaji nao hawakwenda chini. "Si ni mgomba tu," nilimsikia mmoja akisema, "si mtu." Basi wakauvika ovaroli ya buluu, wakauviringisha blanketi, na Kukhu, mama yake baba, akauangukia akiuita mwanangu, mwanangu, mpaka wanawake wakambeba. Pasta alisema hawezi kuombea mmea, lakini hakwenda nyumbani. Alisimama kando chini ya mwavuli, na wengine walipoimba akaimba. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya ovaroli. Nikauliza kwa sauti, "Baba akija atavaa nini?" Shangazi akanifinya mpaka nikaona nyota.

Siku ya kunyoa ilipofika mama alisema ana homa. Wakangoja. Wakaja tena, akasema tumbo. Kaka yake, tuliyemwita Khocha, akaja kutoka Kanduyi, akakaa naye jikoni, mimi nikiwa hapo nachambua maharagwe.

"Dada, twende nyumbani. Huyu Wafula atakuua."

"Na watoto?"

Khocha akatazama moto. "Watoto ni wa wenyewe. Wewe unajua."

"Basi rudi Kanduyi salama," mama akamwambia. Hakumwambia kwa ubaya. Alimfungia viazi vitamu akamsindikiza mpaka barabarani.

Wazee wakapanga siku nyingine, na safari hii walisema hata akiwa na homa atanyolewa akiwa kitandani. Kabla siku hiyo haijafika, tukaenda mimi na mama kung'oa magugu kaburini. Mvua ya masika ilikuwa imeanza. Katikati ya ule udongo kulikuwa na kitu cha kijani kimechomoza, kimejikunja, kirefu kama kidole changu. Pembeni kingine. Tunguu lilikuwa limeota.

Mama alipiga magoti. Akakigusa. Nilimwona akitazama ua wa mipera, kisha akitazama kile kichipukizi tena. Halafu akainua kichwa akapiga kigelegele. Kaburini! Kigelegele cha harusi, juu ya kaburi, mpaka ng'ombe wakageuka. Watu wakaja mbio na majembe mikononi.

"Amekataa!" mama akawapigia kelele. "Mume wangu amekataa kuzikwa! Njooni muone, hajafa, amekataa!"

Mimi moyo ulinidunda kwa furaha. Kumbe reli inapita hata hapa!

Wafula alikuja na panga. Alisema ni upuzi, vijana waling'oa na tunguu, kila mtu mwenye akili anaona, mgomba ya kaburini ikatwe na mambo iishe. Alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba siku ile mwenye kusema kweli alikuwa yeye. Mama akajilaza juu ya kaburi, kifudifudi, akavikumbatia vile vichipukizi. "Kata," akasema. "Anza na mimi." Kukhu naye akaja akakaa kando yake kwenye tope, mguu wa kuume juu ya mgongo wa mama, na hakuna mwana anayeweza kupitisha panga juu ya mguu wa mama yake. Wafula akabaki anapumua tu.

Wazee walibishana mpaka jua likainama. Mwishowe mmoja wao akasema, "Kaburi likiota, nani hapa atasema kuna maiti ndani? Mimi siwezi. Tungoje mgomba ufe wenyewe, ndiyo tumnyoe." Wakakubaliana. Watu wazima, wakulima, wanajua fika kwamba mgomba haufi: huu ukianguka umeshazaa mingine mitano. Sijui kama yule mzee alikuwa mjinga au alikuwa amemwonea mama huruma. Alikufa kabla sijapata akili ya kumuuliza.

Hivyo mama hakunyolewa wala hakurithiwa. Tulibaki naye, nyumba ikabaki yetu. Ukinisikia nasema hivyo utadhani mambo yalikuwa mazuri. Subiri.

Mama alianza kumngoja baba kwa vitendo. Kila jioni alimpakulia chakula, sahani ikawekwa mezani imefunikwa, na asubuhi chakula kikaenda kwa mbwa. Gari likisimama barabarani alitoka kutazama. Alifua shati moja la baba lililobaki, akalipiga pasi, akalifua tena bila kuvaliwa. Mgomba ukazaa, mkungu ukaiva ukaanguka, hakuna aliyethubutu kula ndizi ile, hata watoto wezi wa Naitiri. Shuleni niliitwa Mtoto wa Mgomba. Simiyu alipigana mpaka akavunjwa jino. Nami niliwatetea wote wawili, mama na baba, kwa sababu bado nilikuwa na reli yangu.

Ikafika siku tulikwenda tena Kitale. Pale stesheni kulikuwa na mlinzi mnene, mpole, nikamkaribia nikamuuliza treni inayopita chini ya ziwa itafika saa ngapi. Akacheka. Aliponiona sicheki akaacha, akachuchumaa, akanichorea kwa kijiti mavumbini: hili ziwa, hii meli juu ya maji, hizi reli juu ya meli. "Chini hakuna kitu, mama," akaniambia. "Chini ni tope na samaki."

Nilitembea mpaka alipokuwa mama katikati ya wanawake wa mahindi, nikamwambia, "Mama, chini ya ziwa hakuna reli. Baba amekufa."

Alinipiga kofi nikaangukia gunia. Mama hakuwa amewahi kunipiga, wala hakurudia tena maisha yake yote. Akaniinamia, akanishika mashavu, macho yakiwatazama wale wanawake. "Usiseme hivyo tena," akaninong'oneza. "Usiseme hata ukiwa peke yako."

Hapo nikajua mama ameharibika akili. Ndivyo nilivyoelewa, na nikakua na uelewa huo mgongoni. Nilimlilia baba peke yangu, choo cha shule mlango nimefunga, kwa sababu nyumbani hairuhusiwi. Simiyu alikulia mbele ya sahani ile mpaka ikamshinda, akaenda Bungoma akiwa bado kijana mdogo, na kurudi kwake ni Krismasi, tena si kila Krismasi. Mimi niliolewa Kitale na mtu wa kwanza aliyeniuliza. Sikumpenda. Nilipenda kwamba nyumba yake ilikuwa na sahani za watu waliopo. Wahenga wanasema mgomba haushindwi na mkunguwe, mzazi hashindwi na kubeba wanawe. Hawakusema wana nao wafanye nini wanapomchoka mgomba.

Mwaka jana Wafula akafa, mzee kabisa, kitandani kwake. Siku ya kunyoa nilikaa na mama nyuma ya nyumba, mahali tulipoweza kuona ng'ambo ya ua boma la Wafula na watu wake. Mama ni mdogo siku hizi, shingo imekuwa kama ya kuku. Akasema bila kunitazama, "Sasa huyo amekwenda, naweza kukuambia. Mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba baba yako amekufa. Yule mzee wa injini aliniambia usimngoje, mimi nikajua. Na mgomba nilijua wameng'oa na tunguu, niliwaona nikiwa dirishani. Ningefanya nini? Ningenyolewa, Wafula angeingia. Wewe ulikuwa msichana unakua, na huyo mtu alikuwa anakuangalia."

Lile kofi la Kitale likanirudia shavuni lenyewe.

"Kwa hivyo sahani..."

"Sahani ilikuwa ya wao waone. Mke wake akipita, aone, aende aseme, yule mwanamke bado anangoja. Na shati hivyo hivyo. Halafu kuna siku moja mvua ilinyesha kutwa nzima. Nyinyi mko shule. Hakuna mtu barabarani, hakuna wa kunitazama. Nikapakua nikakaa kula. Kuangalia hivi, ya baba yako iko mezani. Nikajiuliza, nimeiweka ya nini? Nani anaona?"

"Basi sasa wacha, Mama," nikasema, na nilikuwa nalia wazi. "Wafula yuko chini. Hakuna wa kukuchukua. Wacha kumngoja."

"Nimejaribu. Jana sikuweka. Chakula kikakataa kushuka, nikaona kama nimemnyima." Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Si kwamba sijui amekufa. Najua kuliko wewe. Kujua hakunisaidii."

Ng'ambo ya ua mjane wa Wafula alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa kinang'aa, wanawake wamemzunguka wanamwimbia. Alikuwa analia kwa sauti, kilio cha kawaida cha mjane, na mara kwa mara anageuka kuutazama udongo mpya alipolazwa mumewe. Mama alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Yule ana bahati," akasema.